Kabla Hujanunua Gari la Buluu

Nyambura, mami,

Umeenda Othaya kumuaga cucu, mama wa mama yako, na najua hutarudi mapema kwa sababu yule mama hamwachilii mtu bila kumlisha mara mbili. Nimekaa jikoni, mlango uko wazi, kuku wanaingia na kutoka wapendavyo. Begi lako kubwa liko sebuleni limeshafungwa. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Nakuru kuanza kazi. Tangu mama yako afariki, mimi na wewe tumezungumza kuhusu maji, umeme, ng'ombe na bei ya majani chai, lakini hatujaongea.

Mambo ya kula vizuri na kufunga mlango sitayaandika. Umekaa chuoni, unayajua. Nataka kukuandikia kuhusu gari.

Juzi ulinisogezea simu ukasema, "Baba, hebu angalia hii," halafu ukaivuta kabla sijavaa miwani. Lakini nililiona. Gari la spoti la milango miwili, boneti ndefu, buluu ya wino. Ukasema ni la mtu wa Nakuru, bei yake unaiweza, na unataka la kwendea kazini kila siku. Mimi nikasema, "Ni zuri," nikatoka kwenda kumwangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Nilisimama pale zizini muda mrefu. Ungenifuata ungenikuta nimeshika mti wa boma kama mlevi.

Najua lilikuwa gari gani. Wewe pia unajua.

Wengi hudhani mama yako alilinunua lile lake kwa kiburi. Ulikuwa darasa la kwanza wakati huo. Gari letu kuukuu lilikuwa limekataa kupanda mlima wa Othaya, na yeye alikuwa muuguzi kwenye ile zahanati iliyo juu kabisa, kwenye mashamba ya chai, safari ya kila siku kutoka hapa Nyeri. Mimi nilikuwa nimeshamtafutia gari. Lilikuwa jeupe, refu, la familia, la mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa akiliosha kwa sabuni ya kuogea. Nikampeleka kwenye yadi kuliona. Akalizunguka, akamshukuru muuzaji kwa adabu, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kona, akainua turubai.

"Na hii?" akauliza.

"Hiyo imekaa sana, Sista," muuzaji akamwambia. "Watu wanauliza bei, wanafurahi, wakiona ni milango miwili wanaenda zao. Nimeishusha mpaka nimechoka."

"Inasukuma na magurudumu ya nyuma?"

"Ya nyuma, eeh. Hata mimi naiogopa kidogo."

Mama yako akacheka. Mimi sikucheka. Nikamvuta kando, nikamwambia, "Mama Nyambura, mtoto atakaa wapi?"

"Nyuma. Si ni mdogo?"

"Atakua."

"Akikua atanunua lake."

Tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa miguu, nilimnunia mpaka tukafika sokoni. Hapo akasimama katikati ya akina mama wa viazi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Nyambura, mimi kutoka asubuhi mpaka jioni nashika watu wanaoumwa. Nikifika nyumbani kuna kupika, kuna kufua, kuna wewe. Ile saa ya kwenda na ile ya kurudi ndizo zangu peke yangu. Nataka nizifurahie." Nilikuwa nimeishi naye miaka yote hiyo bila kujua kwamba ana saa mbili tu kwa siku zilizo zake.

Basi likanunuliwa, ila si siku ile. Hili ulishike kwa mikono miwili. Alimpeleka fundi wake, naye fundi akalala chini ya gari lile mpaka mgongo ukalowa. Aliangalia kama chasisi imewahi kuchomelewa, kama nafasi kati ya boneti na mabawa ya juu ya magurudumu ni sawa pande zote, kama rangi ndani ya buti inafanana na ya nje, kama mafuta ya injini yana uji mweupe chini ya kifuniko. Akaliendesha likiwa baridi, akaliendesha tena likiwa limepata moto. Mama yako akauliza bima itakuwaje kwa gari la spoti, na tairi za saizi ile hupatikana wapi. Gari linaweza kuwa rahisi kwa sababu wengi hawalitaki, na hilo ni bahati yako. Linaweza pia kuwa rahisi kwa sababu liligongwa likanyooshwa na kupakwa rangi, na hilo ni kaburi lenye redio. Magari ya aina hii huangukia mikononi mwa vijana wanaoyazungusha uwanjani mpaka tairi zitoe moshi. Tafuta lile lililokuwa likiendeshwa na mtu mzima anayeenda kazini.

Watu walimsema. Ati muuguzi na gari la spoti. Ati mwalimu, yaani mimi, ameshindwa na mke. Kwenye matuta alikuwa akivuka kwa kulalia upande, gurudumu moja moja, ili tumbo lisigonge, na wavulana wa bodaboda walimpigia makofi. Yeye aliwapungia mkono.

Kuna siku ambayo sikuwahi kukusimulia vizuri. Ilikuwa msimu wa mvua, nami nilikuwa nimemsindikiza kazini kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Malori ya chai yalikuwa yameacha matope kwenye lami, tukaingia kwenye kona, nikahisi nyuma ya gari inataka kutupita. Mama yako alikuwa ameshaanza kuugeuza usukani kufuata kule mkia unakokwenda, anaachilia mafuta polepole, hajagusa breki. Alikuwa analipata. Mimi nikapiga yowe, nikashika breki ya mkono, nikaivuta.

Tulizunguka kama pia, tukaingia kwenye michai kinyumenyume.

Mvua ilipiga paa. Akazima injini. Akageuka kuniangalia, na sikuwahi kuona uso ule tena. "Usiwahi," akasema, "usiwahi kushika kitu ambacho mimi ndiye nimekishika." Wachumaji chai wakaja na vikapu vyao mgongoni, wakatuinua mpaka barabarani huku wakicheka. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, ni wewe ulikuwa unaendesha?" Mama yako akajibu kabla yangu, "Ndiyo, alikuwa anajaribu." Nikacheka pia, lakini maneno yake yaliniingia. Kulikuwa na mambo mengi ambayo nilikuwa nikiyavutia breki, si gari pekee. Alitaka kusomea ukunga zaidi, nikasema ngoja kwanza. Alitaka ukasome shule ya bweni ya mbali, nikasema ngoja. Baada ya siku ile nilijifunza kuweka mikono magotini. Sikujifunza yote.

Kwa hivyo, mami, ukipata gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, tairi zako za nyuma zisiwe zimeisha hata siku moja, na zote mbili ziwe za namna moja. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu vumbi na mafuta vinageuka sabuni. Nenda polepole kwenye kona, ongeza mwendo ukishatoka. Likiteleza, tazama unakotaka kwenda. Usitazame shimo. Na aliyekaa kando yako akipiga yowe, mwambie alivyoniambia mama yako.

Halafu kuna yule mama mjamzito. Ulikuwepo, ulikuwa na miaka kama kumi hivi, umejikunja nyuma magoti yakigusa kidevu. Gari la wagonjwa lilikuwa limeharibika, na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Mama yako akakilaza kiti cha mbele mpaka kichwa cha yule mama kikawa karibu mapajani mwako, akakwambia, "Nyambura, mshike mkono na umwongeleshe. Mwambie chochote." Mlifika hospitali ya Nyeri mtoto akiwa bado ndani na wote wawili wazima. Jioni ulinionyesha vidole vyako vilivyovimba. "Alinibana mpaka nikalia," ukasema, "lakini sikuacha kuongea. Nilimwimbia jedwali la kuzidisha." Kuanzia hapo sikusikia mtu yeyote Othaya akilisema lile gari vibaya. Na nadhani ndiyo siku uliyoamua kuwa muuguzi, ingawa hujaniambia.

Sasa naandika lile ambalo limenifanya nikae hapa.

Asubuhi mama yako alipoondoka kwa mara ya mwisho, nilimsikia akiteremka mtaani, akibadilisha gia pale alipozoea, chini ya ukuta wa kanisa. Sikutoka hata kumpungia. Nilikuwa nikitafuta soksi. Kabla ya saa nne wakapiga simu kutoka zahanati kwamba ameanguka mbele ya kabati la dawa. Nilipofika hospitali, daktari alikuja kunilaki mlangoni, na daktari akija kukulaki unajua tayari. Ni mshipa uliopasuka kichwani, walisema. Hakuteseka, walisema. Wewe ulikuwa chuoni. Ni mimi niliyekupigia, na bado nasikia vile ulivyosema, "Baba, ongea polepole, sikuelewi," wakati nilikuwa nimeongea polepole sana na ulikuwa umeelewa.

Baada ya mazishi, ulipokuwa unarudi chuo, ulinishika mkono wa koti. "Baba, usiuze gari la mama. Nikifunga chuo nitakuja kulichukua." Nikasema, "Sawa, mami." Nilimaanisha, uniamini.

Lile gari lilikuwa bado limeegeshwa kule zahanati, chini ya mparachichi, kama alivyoliacha. Wiki ya tatu nikachukua ufunguo, nikaenda kulileta nyumbani kwa ajili yako. Kuku wa mlinzi walikuwa wamelala juu ya boneti. Nikawafukuza, nikapangusa kioo kwa kitambaa, nikafungua mlango wa dereva. Nyambura, sikuweza kuingia. Mama yako alikuwa mfupi, unajua. Kiti chake kilikuwa kimevutwa mbele kabisa, karibu na usukani, na mimi na miguu yangu hii hapakuwa na nafasi. Ilinibidi kuinama, kushika kile chuma chini ya kiti, na kukisukuma nyuma. Hilo tu. Nikainama, nikakishika.

Ilikuwa ndiyo sehemu ya mwisho duniani iliyokuwa bado na kipimo chake. Nguo cucu alikuwa amezigawa. Kitandani nilikuwa nimeshalala katikati bila kujua. Lakini pale kwenye kiti alikuwa bado ameketi, magoti yake yalikuwa pale, mikono yake pale. Nikisukuma, amekwenda. Nilibaki nimeinama hivyo mpaka mlinzi akaja kuniuliza, "Mwalimu, kuna kitu kimeanguka?" Nikasema ndiyo, nikamwambia nimekipata, nikafunga mlango, nikarudi nyumbani kwa bodaboda.

Wiki hiyohiyo Hassan, yule mfanyabiashara wa ng'ombe wa Nanyuki, alikuja kwa jirani kuchukua fahali wawili. Akanipa pole. Akauliza kuhusu gari, kwa heshima, kama mtu anavyouliza akitegemea kukataliwa. Nikasema, "Twende." Sikufikiria. Nilitaka mtu mwingine aniondolee kazi ile. Tulipofika, alifungua mlango, akaingiza mkono chini ya kiti kama mtu anayeingia gari lolote, akakirudisha nyuma kwa mara moja. Ule mlio wa chuma nausikia hadi leo. Kisha akawasha, likakubali mara moja, likaondoka, nami nikabaki pale nimeshika kile kitambaa.

Ulipokuja likizo uliangalia uani, ukaangalia nyuma ya ghala.

"Baba, gari la mama liko wapi?"

"Nimeliuza."

"Ulimuuliza nani?"

Nilikwambia linakula mafuta mengi. Nilikwambia spea ni shida. Nikakwambia uongo wa aina zote ambao mwanamume huusema akishikwa. Ukweli ni kwamba mtu wa kuulizwa alikuwa wewe, na sikukuuliza kwa sababu ungekataa, na kama ungekataa ningelazimika kurudi kwenye ule mlango. Nilijiokoa mimi, nikakuacha wewe bila kitu. Hukupiga kelele. Ungepiga kelele ingekuwa nafuu. Ulisema tu, "Sawa," ukaenda kukama ng'ombe, na hiyo "sawa" ndiyo tumekuwa tukiishi ndani yake.

Ulipopata barua ya kazi nilienda Nanyuki. Nilikwambia naenda mkutano wa walimu wastaafu. Hakukuwa na mkutano. Nilimkuta Hassan kwenye soko la mifugo, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaagiza chai kabla sijasema neno.

"Hassan, nimekuja kwa sababu ya lile gari."

Akashusha kikombe. "Mwalimu, si ungeniambia mapema. Ile gari mke wangu aliikataa, alisema iko chini sana. Kijana mmoja wa Maua aliipenda sana, nikampatia."

"Uko na namba yake?"

"Nilikuwa nayo. Simu iliibiwa hapa hapa sokoni." Kisha akauliza, "Ni ya mtoto?"

"Ni ya mtoto."

"Subhanallah," akasema, na sikuona sababu ya kumaliza chai. Yule mtu aliacha ng'ombe wake siku nzima tukazunguka magereji ya Nanyuki tukiuliza. Tukapiga simu Meru, tukapiga Isiolo. Fundi mmoja alisema aliliona, halafu alipoulizwa rangi akasema nyekundu. Jioni Hassan alinisindikiza, akasema, "Nisamehe, Mwalimu." Alikuwa anaomba msamaha kwa kununua kitu nilichomuuzia mwenyewe.

Kwa hivyo sikukuletea gari. Nilikuwa nimepanga ulikute uani asubuhi moja, nisiseme lolote. Halipo. Nimelitafuta kadiri nilivyoweza na halipo.

Sasa, hili la Nakuru. Usiku ule uliponionyesha picha niliomba jirani anitafutie tangazo kwenye simu yake, nikavaa miwani, nikaliangalia vizuri. Si lile. Lile la mama yako lilikuwa na mkwaruzo mrefu chini ya mlango wa kushoto, tulioupata kwenye michai, na hakutaka upakwe rangi. Hili halina. Boneti yake pia imekaa juu upande mmoja, na kwenye picha ya nyuma, taa moja ni mpya kuliko nyingine. Liligongwa, mami, naamini hivyo. Mpeleke fundi, usinisikilize mimi tu. Lakini nakuomba ujiulize, kabla hujatoa pesa yako ya kwanza, unanunua gari au unanunua buluu.

Kama ni gari, basi usiogope. Sitakwambia utafute jeupe la milango minne. Tafuta dogo, la kusukumwa nyuma, lenye injini ya kawaida ambayo fundi yeyote anaijua, gia za mkono kama unazipenda, lisilokuwa limebadilishwabadilishwa na vijana. Liwe na rangi yoyote. Kiti ukivute unavyotaka wewe. Una miguu yangu, utakiweka nyuma. Nakuru kuna lami nzuri na kuna mashimo, na wodini utawashika watu wanaoumwa mchana kutwa. Utahitaji saa yako ya kwenda na saa yako ya kurudi.

Na kama ni buluu unayotafuta, njoo nyumbani tuitafute wote. Sina majibu, lakini naweza kukaa nawe. Hatukumlilia mama yako pamoja hata mara moja. Wewe ulilia kwa cucu, mimi nililia zizini.

Sikuombi unisamehe kabla ya kesho. Kesho kuna mambo mengi, kuna begi, kuna muda wa basi. Barua hii nitaiweka juu ya nguo zako, uisome ukishafika. Ukikasirika upya, kasirika, nipigie unigombeze. Simu yangu sasa naiweka chaji kila siku.

Mbwa amebweka, na sasa nakusikia ukimtuliza kule nje. Umerudi. Umebeba kitu kizito, naona kivuli chako chini ya lango umekitua ili ubishe. Wacha nije nikufungulie, mami. Kuanzia kesho jioni sitakuwa na wa kumfungulia.

Baba yako